Wasiwasi Katika Ibada: Maradhi Yenye Dawa

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako kusini-magharibi mwa Uganda, katika Wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilometa 60 kutoka mjini Mbarara. Yalianzishwa mwaka 1958, na baada ya muda mfupi yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Leo yana zaidi ya watu 100,000 waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Waislamu ni wengi miongoni mwao, na adhana ya alfajiri husikika huko kama isikikavyo katika misikiti ya Mbarara.

Kwa aliyepoteza nyumba, shamba na jamaa, sala ni mali ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Lakini wako watu, katika Nakivale kama katika kila mji wenye Waislamu, ambao sala hiyo imewageukia mateso. Mmoja hutia udhu, akamaliza, kisha akajiuliza kama kweli maji yalifika kwenye kiwiko. Huanza upya, na shaka huanza upya pamoja naye. Mwingine husimama kusali, akatoa takbira, moyo ukamwambia kwamba nia haikutimia. Huivunja sala na kurudia mara nne, mara tano, hata imamu amekwisha kurukuu naye bado yuko mlangoni mwa sala. Wa tatu hujiwa na fikra chafu juu ya Mwenyezi Mungu, fikra asizozitaka wala asizothubutu kumwambia mtu, akadhani kuwa amekwisha kukufuru.

Hali hii ndiyo iitwayo wasiwasi katika vitabu vya dini. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo lina maana ya hofu au mashaka ya kawaida, lakini asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Kurani, Suratu Nnas, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema, ni dua ya kujikinga na mnong'onezaji huyo.

UDHU NA DUMU LA MAJI

Madhara ya wasiwasi hayaishii katika moyo wa mgonjwa. Katika Nakivale maji ya ziwa husukumwa kwa mitambo, yakasafishwa na kugawiwa kwenye mabomba ya umma, na akina mama na watoto ndio wabebao madumu hadi nyumbani. Kipimo ambacho mashirika ya kuhudumia wakimbizi hukikusudia ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani dumu moja la kawaida, kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Kwa kipimo hicho, udhu wa sala zote tano hauzidi lita nne. Basi mtu amalizaye dumu zima kwa udhu wa sala moja ametumia fungu la mtu mzima la siku nzima, nalo limetoka mgongoni mwa mkewe au binti yake. Hapo lile alilolidhania kuwa ni uchaji limekuwa dhuluma kwa watu wa nyumba yake, hali Kurani inaeleza waziwazi kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka uzito katika dini na hamkalifishi mtu ila kwa kadiri awezavyo.

YALIYOFUNDISHWA NA MTUME

Yafaa ieleweke kwamba wasiwasi si jambo jipya, wala si dalili ya imani mbovu. Masahaba wenyewe walimwendea Mtume wakalalamika kwamba wanapata nafsini mwao mambo ambayo ni makubwa mno kutamkwa. Hakuwakemea, bali aliwaambia kwamba kule kuchukia kwao ndiyo imani iliyo dhahiri. Tena akafundisha kwamba umma wake umesamehewa yale yanayopita nafsini maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Basi mwenye kuchukizwa na fikra zake hajakufuru. Lau imani isingekuwamo moyoni, fikra hizo zisingemuumiza.

Sahaba mmoja, Uthman bin Abil-As, alishtaki kwamba shetani anamwingilia kati yake na sala yake. Mtume alimwagiza ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu. Hakumwamuru kurudia sala.

Juu ya udhu, alifundisha kwamba mwenye kuhisi jambo tumboni asitoke katika sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Na asahauye kama amesali rakaa tatu au nne, ashike zile tatu alizo na yakini nazo, akamilishe, kisha asujudu sijida mbili za kusahau. Kutokana na mafundisho hayo wanazuoni walitoa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyekuwa na udhu kwa yakini bado anao, hata moyo ukinong'ona namna gani.

DAWA NI KUUPUUZA

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, na Wasomali pia, hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo katika karne ya 16, Ibn Hajar al-Haytami, aliulizwa kama wasiwasi una dawa. Jibu lake lilikuwa kwamba dawa iko, nayo ni kuupuuza kabisa, hata nafsi ikipinga. Mwenye kuufuata utamzidia mpaka umharibie akili. Zamani zaidi, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, na ndani yake akauweka wasiwasi miongoni mwa maradhi yanayohitaji tiba.

Utabibu wa leo umefika mahali hapo hapo kwa njia yake. Madaktari wanaujua ugonjwa wa fikra zinazojirudia na vitendo vya kulazimika, nao huwapata kiasi cha watu 2 katika kila 100 katika maisha yao, Waislamu na wasio Waislamu. Mwaka 1966 mtaalamu Victor Meyer, wa London, alieleza jinsi wagonjwa 2 walivyosaidiwa kwa kuikabili hofu yao huku wakizuiwa wasirudie vitendo vyao. Tangu hapo njia hiyo imekuwa tiba kuu, na mara nyingine huongezewa vidonge. Hofu hupanda, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe, nayo nafsi hujifunza kwamba hakuna baya lililotokea.

Askari ataelewa upesi. Mlinzi wa lindo anayepiga risasi kila jani linapotikisika hailindi kambi. Humaliza risasi, huwanyima wenzake usingizi, na adui akija hamkuti tayari. Mlinzi mzuri husikia jani, akalijua kuwa ni jani, akaendelea na lindo lake. Mwenye wasiwasi naye aisikie shaka, aijue, kisha aendelee na sala.

WAJIBU WA JAMAA

Wenye nyumba huzidisha maradhi pasipo kujua. Mume huuliza, "Je, nimeosha mguu?" na mke hujibu, "Umeosha." Baada ya dakika mbili swali hurudi. Jibu la kumtuliza ni kama kumpa mgonjwa sukari. Hufurahi kidogo, kisha hutaka zaidi. Ni bora wakubaliane siku akiwa ametulia: maji ya udhu yawe birika moja lisiloongezwa, kila kiungo kioshwe kwa kiasi cha sunna kisizidi mara tatu, takbira iwe moja, na swali la namna hiyo lisijibiwe. Asicheke mtu wala asimkaripie. Imamu naye aulizwe mara moja, na jibu lake lifuatwe bila ya kuzunguka kwa imamu wa pili na wa tatu.

Ikiwa mtu hali, halali, ameacha kazi, au ameanza kuiacha sala yenyewe kwa kuchoka, basi apelekwe kwenye kituo cha afya. Mjini Mbarara iko Hospitali ya Rufaa, inayofundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, nayo ina idara ya magonjwa ya akili. Wala mazungumzo ya tiba si mageni Nakivale. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali walioteswa na kumbukumbu za vita waligawanywa katika makundi. Waliotibiwa na washauri waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu. Maradhi hayo ni mengine, lakini yameonyesha kwamba mtu wa kawaida akifunzwa vyema anaweza kumponya jirani yake.

Kwenda kwa daktari si kuiacha dua. Mtume mwenyewe aliamuru watu wajitibu. Mgonjwa na asome Suratu Nnas, anywe dawa yake kama alivyoelekezwa, atie udhu mara moja, aingie safuni na wenzake kwa takbira moja, na imamu atoapo salamu naye atoe, asiangalie nyuma.