Mita ya umeme haitoshi kupima fedha ndani ya maji

MNAMO 1999 Bw Stan Jones, mkazi wa jimbo la Montana, Marekani, alianza kujitengenezea maji yenye chembechembe za madini ya fedha na kuyanywa. Alihofia kuwa kompyuta zingekwama mwaka wa 2000 ukiingia, na dawa za kuua viini ziadimike. Alipowania useneta mwaka wa 2002, ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu iliyokaribia samawati.

Rangi hiyo kwa kawaida ni ya kudumu. Ndiyo sababu suala la kiasi cha fedha kilichomo ndani ya maji hayo si la mzaha.

Kuyatengeneza ni rahisi. Nyaya mbili za fedha hutumbukizwa katika maji yaliyokenekwa, kisha umeme wa betri hupitishwa. Fedha humeguka polepole: sehemu yake huyeyuka na kuwa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, na nyingine huelea kama chembe ndogo mno.

Watengenezaji wengi hutegemea mita ya mkononi inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kanuni yao ni kwamba maikrosimensi moja kwa sentimita ni takriban miligramu moja ya fedha kwa lita.

Hata hivyo, mita hiyo huhisi ioni tu. Chembe zinazoelea ni kama hazipo. Wala haitambui ioni ni za nini. Gesi ya kaboni kutoka hewani, au mabaki ya chumvi kwenye kikombe, hupandisha nambari. Kanuni yenyewe huyumba: ioni za fedha zikiambatana na bikaboneti, miligramu moja hutoa karibu maikrosimensi moja, lakini zikiambatana na haidroksidi hutoa zaidi ya mbili. Mita zinazoonyesha jibu kwa miligramu ndizo hupotosha zaidi, kwani nyingi hukokotoa kana kwamba kilichoyeyuka ni chumvi.

Jibu la kuaminika hupatikana maabarani, ambako chembe zote huyeyushwa kwa asidi ya nitriki kabla ya kupimwa.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hupendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.1 ya fedha kwa lita. Kiasi hicho husogeza mita kwa sehemu ndogo tu ya maikrosimensi, ilhali maji yaliyokenekwa yakiachwa wazi hufikia maikrosimensi moja hivi yenyewe, bila fedha yoyote.