Saa tatu asubuhi si saa kumi na moja jioni

Mkulima wa Mufindi, Tanzania, anayetaka kuchoma nyasi na mabua ya shambani mwezi wa Septemba huamka mapema. Kuna baridi, upepo umelala, umande bado haujakauka. Kwenye saa tatu hivi anawasha kiberiti. Moto unatambaa polepole, naye anaufuata kwa nyuma kama anayechunga mbuzi. Kufika saa sita umemshinda. Saa nane umo kwenye misindano ya jirani.

Majirani watasema ni uzembe, na wakati mwingine kweli ni uzembe. Lakini mtu huyu alichagua saa aliyoiona ya salama kuliko zote, na hapo ndipo alipoponzeka. Asubuhi imetulia, ndiyo, ila kila saa inayofuata ni mbaya kuliko iliyotangulia.

Sababu imo hewani. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Ikipata joto, uwezo wake unaongezeka haraka. Tuseme alfajiri kuna nyuzi 12 na unyevuanga ni asilimia 80, yaani hewa imebeba sehemu 80 kati ya 100 za mvuke inaoweza kuubeba. Jua likipandisha joto hadi nyuzi 24, bila tone la mvuke kuongezwa wala kupunguzwa, unyevuanga unashuka hadi asilimia 38 hivi. Mvuke ni uleule, hewa ndiyo imekuwa na kiu.

Na kiu hiyo inazimwa kwa maji ya nyasi. Jani lililokufa halina mzizi wa kulinywesha, hivyo hupokea unyevu kutoka hewani na kuurudisha hukohuko. Katika hewa ya alfajiri ile, maji yaliyomo ndani yake hukaribia asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya mchana hubaki 7 au 8. Kwa kuwa jani ni jembamba, mabadiliko hayo hayahitaji siku nzima, saa moja hivi yatosha. Wapo wanaoyapima kwa vidole: jani likikunjwa likajikunja tu, bado lina maji, likivunjika kwa mlio, kiberiti kirudi mfukoni.

Upepo nao una ratiba yake. Usiku hewa baridi hulala mabondeni kama maji bwawani. Kuanzia saa nne ardhi ikishapata moto, hewa ya chini hupanda na upepo wa juu ukashuka kuchukua nafasi yake, na mteremko unaanza kuvuta hewa kuelekea kileleni. Chamchela zinazozunguka kwenye mashamba matupu mchana ni dalili ya mchafuko huo. Zikipita juu ya moto, hunyanyua cheche na kwenda kuzitua ng'ambo. Tena nchi yenyewe ni ya vilima. Wanaozima moto wana kanuni ya makadirio kwamba kila mteremko ukizidi kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka mara mbili, maana ndimi zake huinamia nyasi za mbele na kuzikausha kabla hazijaguswa.

Saa kumi na moja jioni huenda joto likawa sawa na la saa nne. Tofauti ni mwelekeo: hewa inapoa, unyevuanga unapanda, upepo unachoka. Moto uliowashwa hapo unaingia usiku ukiwa mnyonge.

Mwezi nao una uzito wake, pengine kuliko saa. Huko Ndola, Zambia, mwaka 1933 wataalamu wa misitu walitenga vipande vya miombo: kimoja kikachomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine mwishoni, na kingine kikalindwa kisiguswe na moto. Mtafiti Trapnell alipochapisha matokeo ya jaribio hilo mwaka 1959, kipande cha kuchomwa mwishoni kilikuwa kimepoteza miti yake na kugeuka mbuga ya nyasi, ilhali kile cha kuchomwa mapema kilikuwa bado msitu. Mwezi wa Juni nyasi za mabondeni zina ubichi, na moto hujifia wenyewe ukizifikia. Oktoba hakuna cha kuuzuia. Ndiyo maana amri ya kukataza moto kabisa hunitia mashaka. Nyasi za mwaka huu zisipochomwa Juni hazitoweki, zinasubiri Oktoba, na zisipoungua hapo zinaongezewa za mwaka ujao.

Barabara za moto, kama zile za shamba la miti la Sao Hill, zina kazi kubwa, mradi zifyekwe kabla ya Agosti. Barabara iliyoota nyasi ni utambi. Hata iliyo safi haizuii ganda la mlingoti linalopeperuka likiwaka.

Nchini Kanada kiwango cha hatari ya moto hukokotolewa kila siku kwa vipimo vinne tu vya saa sita mchana: joto, unyevuanga, upepo, na mvua ya saa 24 zilizopita. Vipimo hivi si vigeni kwa kituo chochote cha hali ya hewa. Lakini redio zetu zikishasema kesho kutakuwa na nyuzi ngapi, mara nyingi zinaishia hapo. Unyevuanga wa saa nane mchana, ambao ndio ungemfaa mtu wa Mufindi, hautajwi.

Kuna jambo moja ambalo jioni haiwezi kulitatua. Jani hubadilika kwa saa. Gogo nene kuliko mkono huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo unyevu wa usiku mmoja hauligusi. Kisiki kitalala kikiwaka chini ya majivu mpaka kesho saa nane. Basi aliyechoma jana arudi leo asubuhi na mapema, apitishe mgongo wa kiganja juu ya kila kisiki bila kukigusa, na penye joto afukue na kumwaga maji, kabla haijagonga saa nne.