Uganda: Namasagali, stesheni iliyoachwa na reli

Kijiji cha Namasagali kiko ukingoni mwa Mto Nile, wilayani Kamuli, mashariki mwa Uganda. Treni ziliacha kufika huko miongo kadhaa iliyopita.

Atazamaye ramani leo huenda akashangaa kwa nini reli ilipelekwa mahali pasipo na mji. Sababu imo mtoni. Nile itokapo Ziwa Victoria, pale Jinja, hupita katika maporomoko yasiyovukika kwa chombo cha mizigo, na maji hayatulii hadi karibu na Namasagali. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ikajenga reli ya karibu kilomita 100 kuyakwepa maporomoko hayo, nayo ikafunguliwa mwaka 1912.

Shehena iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu kwa treni, ikavuka ziwa kwa meli hadi Jinja, ikapanda treni tena hadi Namasagali, kisha ikapakiwa katika meli za mvuke zilizopita Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Kutoka hapo ilisafirishwa kwa barabara hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert, ambako meli nyingine ziliipokea kuelekea Kongo na Sudan. Pamba ya Uganda ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Kila mzigo uliposhushwa na kupakiwa upya palihitajika makuli, makarani na mafundi, na Namasagali ikaishi kwa kazi hiyo. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, kupakua huko kulikuwa gharama na usumbufu mtupu.

Kwa hiyo reli iliyounganika iliposonga mbele, kijiji kilianza kupungukiwa. Treni za kutoka Mombasa zilifika Jinja moja kwa moja mwaka 1928, na Soroti, kaskazini mwa Kyoga, mwaka uliofuata. Mvua kubwa za mwaka 1961 zikapandisha maji ya maziwa na kufurikisha bandari. Safari za meli zikakomeshwa mwaka 1962. Miaka miwili baadaye reli ya kaskazini ilifika Pakwach, kaskazini mwa Ziwa Albert, na haja ya kupitia Namasagali ikaisha.

Majengo hayakubomolewa. Katikati ya miaka ya 1960 yalikabidhiwa shule ya sekondari, Chuo cha Namasagali, ambacho Padre Damian Grimes alikiongoza tangu mwaka 1967 hadi 2000, na kikapata sifa nchini kote kwa ngoma, maigizo na ndondi. Siku hizi Chuo Kikuu cha Busitema nacho kina tawi lake hapo, kando ya mto ule ule.