Mgonjwa Aliye Mtunza Ukoo: Kumbukumbu za Familia na Maradhi ya Kudumu Lugoba

Maradhi ya kudumu ni yale ambayo tiba yake haina siku ya mwisho, kama kisukari, shinikizo la juu la damu, selimundu au maambukizi ya virusi vya Ukimwi; mtu akishaelezwa kwamba anayo, hurudi nyumbani akijua kuwa atameza dawa na kuhudhuria kliniki kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi maisha yake yote. Wataalamu wamezungumza mengi juu ya yanayoingia mwilini mwa mgonjwa wa namna hiyo, lakini machache juu ya yanayomtoka mikononi. Lugoba, katika Halmashauri ya Chalinze mkoani Pwani, ambako watu wanaishi kwa jembe, kwa biashara ndogondogo kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera na kwa machimbo ya mawe ya kokoto, kitu cha kwanza ambacho ugonjwa humnyang'anya mtu ni kazi. Aliyekuwa akilima, akibeba na kupasua huwa mtu wa kuletewa maji na kuulizwa kama amekula, na kuhudumiwa kila siku, hata na watu wenye mapenzi, kuna uzito wake. Ndiyo maana faraja ya kumbukumbu za familia inahitaji kuelezwa kwa makini: kumbukumbu humfariji mgonjwa zaidi pale zinapokuwa kazi yake mwenyewe, kazi ambayo kaya nzima inaihitaji na ambayo yeye ndiye anayeiweza.

Inafaa kukumbuka kwamba zamani tiba yenyewe ilihesabu kumbukumbu kuwa ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Johannes Hofer, aliandika tasnifu ambamo aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na lingine la maumivu, akapata jina nostalgia kwa ajili ya Waswisi waliodhoofika ugenini kwa kuwaza kwao. Zaidi ya karne mbili baadaye bado mzee aliyerudia habari za utoto wake alidhaniwa kuwa akili zimeanza kumpungua, mpaka mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, alipochapisha makala juu ya kile alichokiita mapitio ya maisha, yaani mtu kurudia aliyoyapitia, kuyapanga upya na kutafuta kupatana na yale yaliyomuuma. Butler alisema kurejea huko ni shughuli halali ya akili, hasa mtu anapohisi kuwa muda wake umekuwa mfupi, na kwamba msikilizaji hana sababu ya kuikatiza.

Si kila kukumbuka, hata hivyo, kunaponya. Wanasaikolojia hutofautisha kumbukumbu mahususi, ambayo ni ya siku moja, mahali pamoja na watu wanaojulikana, na kumbukumbu ya jumla, ambayo ni hukumu juu ya kipindi kizima. Tangu miaka ya 1980, utafiti ulioanzishwa Uingereza na Mark Williams na wenzake umeonyesha kwamba watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hupata taabu kufikia kumbukumbu mahususi. Wakiulizwa juu ya siku ya furaha hujibu kwa ujumla, kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri, kisha hukwama hapo. Hukumu ya namna hiyo haifariji, kwa kuwa inampimia mgonjwa umbali kati ya alivyokuwa na alivyo sasa. Lakini akiulizwa ni nani aliyemfundisha kupalilia, shamba lilikuwa upande gani wa kijiji, na siku ile walikula nini waliporudi, anachokileta mbele ya msikilizaji ni watu, nao hukaa naye. Ndiyo maana kitu kidogo kinachoshikika husaidia kuliko maswali makubwa: kanga ya marehemu mama iliyokaa sandukuni kwa miaka, yenye mstari mweupe pale ilipokunjwa na harufu ya udi iliyokwisha kufifia, inaweza kufungua alasiri nzima ya maongezi, kwa sababu njia za harufu katika ubongo zimepakana kwa karibu sana na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu.

Wakwere, ambao ndio wenyeji wa Lugoba na vijiji vya jirani, hawakungoja saikolojia iwafundishe kuhifadhi watu kwa namna hii. Ukoo wao hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti nzito katika mambo ya wapwa wake. Majina ya mababu na mabibi hurudi kwa wajukuu, na pamoja na jina hurudi utani: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na kijana aliyepewa jina la babu hutaniwa kwa tabia za mtu ambaye huenda hakumwona kamwe. Katika misiba ya ukanda huu watani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, sauti yake na hata ubahili wake, na waliokuwa wanalia hujikuta wanacheka. Mgeni anaweza kuuona mchezo huo kuwa ni kumkosea heshima aliyekufa, ilhali ni kumbukumbu mahususi katika hali yake kamili, kwa kuwa mtani hatangazi kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, bali anaonyesha alivyokuwa akishika fimbo yake.

Wanawake nao walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono, chenye matiti, kitovu na nywele zilizochongwa, ambacho mwali wa Kikwere au wa Kizaramo alipewa alipokuwa amewekwa ndani ili akitunze kama mtoto. Kilikuwa mali ya wanawake wa ukoo na kilipita kizazi hadi kizazi, hivyo msichana alipokishika alikuwa ameshika kitu kilichoshikwa na waliomtangulia. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakupewa kukitazama tu. Alipaswa kukitunza, na kwa kukitunza alijifunza nafasi yake katika mnyororo wa watu, jambo ambalo ndilo mgonjwa wa leo analolihitaji anapoona kuwa nafasi yake nyumbani imepungua.

Mfano ulio wazi zaidi wa kumbukumbu kufanywa kazi ya mgonjwa unatoka Uganda. Chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilianza katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1990 kuwasaidia akina mama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, wazo ambalo lilikuwa limekwisha kujaribiwa Uingereza na shirika la Barnardo's miongoni mwa familia zilizoguswa na virusi hivyo. Mama alibandika picha, akaandika mtoto alizaliwa wapi, alianza kutembea lini, baba yake alikuwa mtu wa aina gani, ndugu wako wapi, na yeye mwenyewe anatumaini nini. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali na uwezo wa watu wengi, na waandishi wengi waliamini kwamba wanaandika wosia. Hata hivyo kitabu kilifanya jambo lingine mapema zaidi: kilimpa mama njia ya kumweleza mtoto habari ya ugonjwa wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, badala ya kumwacha mtoto akisie kutokana na minong'ono ya majirani. Dawa zilipoenea, na Tanzania ilianza kuzitoa bila malipo kwa mpango wa taifa mwaka 2004, ikawezekana mwandishi na msomaji wa kitabu kama hicho kukaa pamoja na kukisoma.

Ukimya juu ya virusi hivyo ulikuwa mzigo mzito nchini Tanzania pia, na si jambo dogo kwamba Julai 14, 2007 aliyepima virusi hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akiwa na mkewe, alikuwa Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga aliyesoma shule ya kati hapohapo Lugoba.

Kumbukumbu za familia zina kazi nyingine ambayo daktari huihitaji kuliko mgonjwa mwenyewe anavyodhani, na selimundu ndiyo inayoidhihirisha. Ugonjwa huu, ambamo chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa na viungo, hurithiwa: wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vyake bila wao kuumwa, kila mimba ina nafasi ya robo moja ya kuleta mtoto mgonjwa. Inakadiriwa kuwa watoto takriban 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na hiyo ndiyo sababu ya kinasaba hicho kuenea katika nchi zenye mbu wengi. Koo zilizonusurika na malaria ziliwaachia watoto wao kinga na maumivu kwa pamoja. Bibi anayekumbuka kwamba dada zake wawili walikufa wadogo, wakiwa na macho ya manjano na vidole vilivyovimba, amebeba taarifa ambayo huenda haimo katika faili lolote la hospitali. Hapa pana tahadhari moja kwa jamii inayofuata upande wa mama: kumbukumbu zake huwa na kina upande huo na kuwa nyepesi upande wa baba, ilhali vinasaba hurithiwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo shangazi naye lazima aulizwe.

Vilevile kumbukumbu inaweza kujeruhi. Habari za ugonjwa wa zamani mara nyingi hubeba habari ya nani alishukiwa kumroga nani, na mazungumzo yaliyoanza kwa nia ya kumliwaza mgonjwa yanaweza kufufua ugomvi wa miaka 30 uliokuwa umelala. Kumzuia mgonjwa asiseme si dawa; kinachosaidia ni kumwelekeza kwenye yale aliyoyaona kwa macho yake, na kuyaacha ya kusikia yabaki kuwa ya kusikia. Na pale ambapo kila simulizi huishia kwenye machozi, usingizi umetoweka na hamu ya chakula imekwisha, mgonjwa anahitaji mhudumu wa afya, kwa kuwa sonona ni ugonjwa wenye tiba yake, na kuongezewa hadithi hakutoshi.

Anayefaidika si msimulizi peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Emory, huko Atlanta, watafiti Marshall Duke na Robyn Fivush walitunga maswali 20 ya kupima kiasi ambacho mtoto anazijua habari za familia yake, likiwamo swali juu ya maradhi na majeraha yaliyowapata wazazi wake walipokuwa wadogo. Watoto waliojua zaidi walielekea kujithamini zaidi na kuhisi kuwa wana uwezo juu ya maisha yao. Utafiti huo hauthibitishi kuwa ujuzi wenyewe ndio chanzo, lakini unaonyesha kwamba mjukuu anayekaa mkekani kumsikiliza bibi naye ana fungu lake.

Mwana hiti wengi sasa wamo katika makumbusho ya Ulaya, wakiwa na kibandiko kinachotaja kabila na pengine mwaka, bila jina la mwanamke hata mmoja aliyewashika, kwa sababu aliyewachukua hakuuliza. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa wake kliniki ana saa kadhaa za kungoja kwenye benchi, na simu aliyonayo mfukoni aghalabu inaweza kurekodi sauti. Aombwe kuuliza, tena aanze na jina: mgonjwa amerithi jina la nani, na huyo mwenye jina alikuwa akitembeaje.