Mchoro Wenye Muhuri Usioijua Ardhi ya Ujiji

Sheria ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya ubunifu wa majengo nchini Tanzania mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa na bodi yao, AQRB. Mwenye kiwanja Ujiji anayetaka kujenga huomba kibali Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na mchoro wake hukaguliwa. Ni haki mchoro huo uulizwe. Machi 29, 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36.

Lakini tukifuata miradi mpaka kiwanjani, tunaona mchoro halali bado ni nusu ya kazi. Mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa mafundi wa mitaani na kamati za shule. Ramani ilikuwa moja, nayo ilichorwa na wataalamu. Ila ramani moja haiwezi kujua udongo wa kila kijiji.

Ujiji inalionyesha hilo waziwazi. Mwanahabari Stanley alipomkuta mpelelezi Livingstone mjini hapa mwaka 1871, Ziwa Tanganyika lilikuwa jirani kabisa na miembe ya mji. Maji yalifika kilele mwaka 1878, yakajifungulia njia kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, kisha yakashuka kwa takribani mita 10. Leo mnara wa kumbukumbu yao uko mbali na ufuko. Kati ya 2020 na 2024 ziwa likapanda tena, likaingia kwenye nyumba na mialo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ufuko upi: wa kiangazi kile au wa masika haya? Hilo hujibiwa na mtu aliyesimama kiwanjani, akawauliza wazee maji yaliwahi kufika wapi.

Kwa hiyo mbunifu anatakiwa afike saiti kabla msingi haujafukiwa, aone nondo kabla zege halijamwagwa, arudi kabla ya kupaua. Fundi wetu ana mikono mizuri; anachokosa mara nyingi ni mtaalamu wa kumuuliza kwa wakati.

Manispaa iandike hatua hizo za ukaguzi ndani ya kibali chenyewe. Nawe unayejenga, usimlipe mbunifu kwa karatasi pekee: patana naye malipo ya kufika kiwanjani, na msingi usifukiwe kabla hajauona.