Bunkeya: Kuhifadhi Urithi wa Mji wa Mwami Msiri kwa Utalii Endelevu

Mkoa wa Lualaba, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, hujulikana ulimwenguni kwa shaba na kobalti. Mji wake mkuu, Kolwezi, ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, na hadi leo mgodi unaweza kuamua nani akae wapi. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, wakazi walichimba hata ndani ya nyumba zao. Baadaye baadhi yao walihamishwa. Katika mkoa huohuo, wilayani Lubudi, karibu na kilima cha Nkulu, kipo kijiji cha Bunkeya, kilichokuwa kitovu cha biashara ya shaba kabla ya kampuni yoyote ya kigeni kufika. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa masharti gani utalii unaweza kusaidia kuuhifadhi urithi wake.

Katikati ya karne ya 19 Mwenda Msiri, mwana wa Kalasa mfanyabiashara wa shaba, alitoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, akaanzisha dola lake kusini mwa Kongo. Majina yenyewe yanasimulia safari hiyo. Bayeke lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa tembo katika nchi ya Wanyamwezi na Wasumbwa. Garenganze, jina la dola, linawakumbusha Wagaraganza wa hukohuko. Kufikia miaka ya 1880 Bunkeya ilikuwa njia panda ya bara zima. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka pwani ya mashariki, na ile ya Waovimbundu ilitoka upande wa Bihe na Benguela. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilibadilishwa kwa bunduki, baruti na nguo. Na watu pia waliuzwa kama watumwa. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili. Kichwa cha Mwami kilikatwa, na masimulizi kuhusu mahali kilipo yanatofautiana hadi leo. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke humkumbuka.

Je, mgeni afikapo Bunkeya ataona nini? Hataona kuta za mawe kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu. Maboma ya Msiri yalikuwa ya miti, nayo yameoza. Yaliyobaki ni makaburi, kilima, majina ya mahali, sherehe, na kumbukumbu za wazee. Hapa ndipo ilipo hatari tunayotaka kuionyesha. Ukuta ukibomoka, mawe yake hubaki. Lakini mzee anayejua jina la mahali na sababu ya jina hilo akifariki, mahali hapo hugeuka kuwa pori tu. Kwa watu wa fani ya lugha jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Bayeke wengi leo husema Kisanga na Kiswahili, na lugha ya mababu zao kutoka Usumbwa imebaki hasa katika nyimbo, majina ya sifa na vyeo kama vile mwami na mwanangwa.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba kuandika kutangulie kutembeza wageni. Msamiati wa kuyeyusha shaba, yaani majina ya tanuri ya udongo wa kichuguu, ya mivukuto, na ya hatua za kuvuta waya, ukusanywe pamoja na wazee, na nakala ibaki kijijini.

Sharti la pili ni kwamba wenye urithi ndio waweke kanuni. Mfano mzuri uko pwani ya Kenya. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Katika Kaya Kinondo mgeni hufunga kitambaa cheusi, huongozwa na mwenyeji, haruhusiwi kuondoka na kitu chochote, wala haingii mahali ambapo wazee wamekataza.

Sharti la tatu ni ukweli. Historia ya Bunkeya isimulie fahari ya Mwami pamoja na machozi ya waliouzwa, na Basanga, wenyeji waliokuwapo kabla ya Bayeke, nao wasikilizwe.

Utalii peke yake, hata hivyo, hautatosha kugharimia kazi hii. Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, hutenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za chini ambamo uchimbaji hufanyika, na Katiba ya mwaka 2006 huzihesabu sheferi miongoni mwa mamlaka hizo. Tena, Kanuni hiyohiyo inamkataza mwenye kibali cha madini kukalia, bila idhini ya wakuu wanaohusika, ardhi ya makaburi au yenye mabaki ya kale. Lakini kinga hiyo ina faida ndogo mahali ambapo hakuna ramani. Kaburi lisiloandikwa popote ni rahisi kuitwa uwanja mtupu.

Basi kazi ya kwanza haihitaji hoteli wala barabara ya lami. Inahitaji daftari, ramani na kinasa sauti, wanafunzi wanaojua Kisanga na Kiswahili, na ruhusa ya Mwami na wazee wake. Mgeni atakayefuata baadaye atakuta kijiji kinachojua cha kumweleza na cha kumnyima.