Mbwa mlinzi anapozeeka: Matembezi mafupi na picha vyaweza kumsaidia daktari

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, barabara za ndani za Mikocheni, Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam hupitiwa na watu wanaotembea na mbwa. Wengi wa mbwa hao ni vijana wenye nguvu, wanaomkokota aliyeshika kamba. Mara mojamoja hupita mwingine mwenye mvi mdomoni, anayesimama kila baada ya nguzo mbili, akanusa ukingo wa mtaro kwa muda mrefu, kisha akaendelea kwa hatua fupi, miguu ya nyuma ikiwa imekakamaa.

Mbwa wa namna hiyo si wengi mitaani, na sababu yake haifichiki. Katika miji ya Tanzania mbwa hufugwa kwanza kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa, na getini huandikwa "Mbwa Mkali". Siku ukali unapopungua, kazi yake huhesabiwa kuwa imekwisha. Wapo wanaolishwa hadi mwisho wao, wapo wanaopelekwa kutupwa mbali na nyumbani, na wapo wanaosahauliwa kwenye mnyororo huku mbwa mwingine mdogo akiletwa kushika zamu. Anayetoka kutembea na mbwa wake mzee, tena akampiga picha, huonekana mtu asiye na shughuli. Hata hivyo, matembezi na picha ni miongoni mwa njia rahisi za kujua kama mnyama huyo anazeeka tu au anaumwa.

Hesabu iliyozoeleka ya kuzidisha umri wa mbwa kwa saba ili kupata umri wa binadamu haina msingi imara. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha mabadiliko ya kikemia katika vinasaba vya mbwa 104 wa aina ya Labrador na yale ya binadamu. Ilionekana kwamba mbwa huzeeka kwa kasi kubwa sana mwanzoni, kisha mwendo hupungua. Kwa kanuni yao, mbwa wa mwaka mmoja analingana na mtu wa miaka 31 hivi, wa miaka minne na mtu wa miaka 53, na wa miaka 12 na mtu wa miaka 71. Kanuni hiyo ilitokana na mbwa wa aina moja tu, na mbwa wenye miili mikubwa huzeeka mapema kuliko wadogo. Mbwa mkubwa wa ulinzi aliyefikisha miaka minane tayari ni mzee, hata kama bado anabweka kwa sauti nzito.

Kosa la kwanza la wafugaji ni kuuita uzee kila udhaifu. Mbwa anayekataa chakula, anayelala kutwa na mwenye ufizi uliopauka huenda ana ugonjwa unaoenezwa na kupe, nao hutibika. Anayekunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara huenda ana matatizo ya figo au kisukari. Macho nayo huchanganya wengi. Ukungu wa rangi ya buluu katikati ya jicho la mbwa mzee mara nyingi hutokana na lenzi kukakamaa kwa umri, na mbwa huyo bado anaona. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: huwa mweupe, huziba mwanga, na mnyama huanza kugonga ndoo na viti. Tofauti hiyo huthibitishwa na daktari wa mifugo kwa kifaa cha kupimia macho, wala haitambuliki kwa kukisia.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye viungo. Gegedu inayotenganisha mifupa huchakaa, na mbwa huamka kwa shida asubuhi, lakini akishatembea kidogo hulegea na kuonekana mzima. Hapo ndipo mwenye mbwa hudanganyika. Kumwacha alale siku sita na kumtembeza mwendo mrefu Jumapili ni kumuumiza, kwa kuwa misuli inayoshikilia viungo imekwisha kunywea. Mbwa mzee hufaidika zaidi na dakika 10 au 15, mara mbili au tatu kwa siku, katika ardhi isiyoteleza, kwa mwendo anaouchagua mwenyewe. Akitaka kunusa, anuse. Pua ndiyo inayobaki na nguvu wakati macho na masikio yamefifia, na kwa mnyama aliyekaa nyuma ya ukuta miaka 10 harufu ya mtaa ni habari kubwa.

Saa za kutoka nazo zina maana yake. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, bali hupoza mwili kwa kuhema, na unyevunyevu wa pwani hupunguza nguvu ya kuhema huko. Kati ya Desemba na Machi matembezi ya mchana jijini Dar es Salaam ni hatari kwa mbwa mzee. Kipimo cha lami ni rahisi: kiganja kikishindwa kutulia juu yake kwa sekunde saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Wapo wanaomwonea huruma mbwa anayechechemea wakampa dawa za maumivu za binadamu. Ni huruma inayoua. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na parasetamoli huharibu ini na damu. Zipo dawa za viungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kipimo chake hutegemea uzito na hali ya figo.

Barabara, hata hivyo, si ya mwenye mbwa peke yake. Wengi wa wakazi wa pwani ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi; kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha anayekwenda msikitini hana sababu ya kuambiwa kwamba "huyu haumi". Kamba fupi na kuvuka upande wa pili wa barabara humaliza jambo hilo bila maneno. Watoto wanaookota mawe nao mara nyingi wana hofu, na hofu hiyo haikuzuka bure: takribani asilimia 99 ya vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa duniani husababishwa na mbwa. Kwa hiyo chanjo haikomi kwa sababu mnyama amezeeka. Akitokea mtu akaumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Zamani, mkanda wa filamu ulipokuwa wa picha 36, ni nadra mbwa kupewa hata moja. Siku hizi simu imeondoa ubahili huo. Thamani ya picha kwa mbwa mzee ni kwamba anayemwona kila siku hauoni mwili ukipungua. Picha ya ubavuni, mbwa akiwa amesimama, ikipigwa mahali palepale kila mwezi, huonyesha paja lililonywea na mgongo ulioanza kupinda. Video fupi ya mwendo wake barabarani ina manufaa zaidi, kwani mbwa wengi wakifika kliniki husahau kuchechemea kwa wasiwasi wa mahali pageni.

Kwa picha nzuri, mpigaji apige goti, kamera ilingane na macho ya mbwa. Mwanga wa kamera uzimwe: nyuma ya retina ya mbwa kuna tabaka linaloakisi mwanga, ndilo linalofanya macho yang'ae kijani au njano. Mbwa mweusi huidanganya kamera, ikaongeza mwanga hadi ukuta nyuma yake ukawa mweupe pe. Heri kupunguza mwanga na kumpiga kivulini. Kiziwi haitwi kwa mluzi. Hugongewa ardhi kwa mguu, naye huhisi mtikisiko akageuka.

Lipo jambo moja linaloharakisha kifo cha mbwa wengi walinzi. Wakizeeka, baadhi yao hupata maradhi ya ubongo yanayofanana na upotevu wa kumbukumbu wa wazee. Mchana hulala, usiku hubwekea ukuta, au hukwama pembeni mwa banda wasijue njia ya kutoka. Majirani hulalamika na mwenye nyumba hutafuta sumu. Daktari akiona video ya usiku anaweza kutofautisha hali hiyo na maumivu au upofu, kisha akashauri dawa, chakula na ratiba ya mchana, matembezi yakiwamo.

Ikifika siku ambayo mbwa hawezi kusimama wala kula, sindano ya daktari humlaza usingizi kwanza, kisha moyo ukasimama, tofauti kabisa na sumu inayomtesa kwa saa kadhaa. Shimo lake lichimbwe refu, kwa kuwa dawa hiyo hubaki katika nyama, na mbwa mwingine atakayefukua na kula naye aweza kufa.